Bibi Salme wa Mtoni na picha iliyopigwa Hamburg



Kila mwaka kijarida chetu cha mchango hutenga kurasa chache kumkumbuka mtu mmoja aliyetoka upande wetu wa Mtoni na Bububu. Safari hii kamati imetutupia kazi sisi tunaoshika vitabu vya hesabu, labda kwa kuona kwamba mwaka mzima tunawachosha kwa stakabadhi na mizania. Tukaambiwa tumchague tumtakaye. Tumemchagua Bibi Salme binti Said. Hatukumchagua kwa kuwa ni binti wa mfalme. Watoto wa Sayyid Said walikuwa wengi, na wengi wao leo hakuna anayejua walifananaje. Bibi Salme tunamjua sura, na hilo ndilo tunalotaka kulisimulia: sura yake ilitufikiaje.

Picha yenyewe mmeiona. Imo vitabuni, imo katika kadi wanazouziwa watalii Mji Mkongwe, na Makumbusho ya Kasri pale Forodhani yalimtengea chumba kizima. Ni mwanamke kijana aliyevaa mavazi ya mabibi wa Kiarabu wa Unguja, na uso wake uko wazi. Tulipokuwa wanafunzi tulidhani imepigwa hapa hapa, pengine katika baraza la Mtoni. Kumbe ilipigwa Hamburg, karibu mwaka 1868, katika studio ya mpiga picha aitwaye H. F. Plate, na aliyepigwa alikuwa tayari ameondoka Unguja, na jina lake la kisheria lilikuwa Emily Ruete.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, lile ambalo leo magofu yake yanatazama bahari na daladala za Bububu zinalipita bila abiria kugeuza shingo. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alitawala Oman na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyeletwa kutoka nchi ya Wacherkesi akiwa mtoto. Jumba la Mtoni lilikuwa kama mtaa: wake, masuria, watoto, matowashi, watumwa, tausi uani, na lugha nyingi zikisemwa kwa wakati mmoja. Kuta za vyumba vya wakubwa zilipambwa kwa vioo vikubwa, saa na vyombo vya kigae. Picha za watu hazikuwa na nafasi katika mapambo yale. Kwa watu wengi wa dini wa wakati ule, kutengeneza sura ya binadamu lilikuwa jambo la kuepukwa. Na kwa bibi wa kifalme kulikuwa na la pili: mbele ya wanaume wasio maharimu alivaa barakoa. Sura yake waliijua watu wa ndani tu.

Tukumbuke pia kwamba upigaji picha wenyewe ulikuwa kitu kichanga. Ulitangazwa Paris mwaka 1839, miaka mitano tu kabla Salme hajazaliwa. Salme alipokuwa mtoto mdogo, katika miaka ya 1846 hadi 1848, nahodha Mfaransa Charles Guillain alipita pwani yetu na chombo cha kupigia picha, akapiga baadhi ya watu aliowakuta. Kwa hiyo picha ilifika Unguja mapema sana, mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Lakini haikufika nyuma ya pazia la Mtoni.

Salme alikuwa mtoto mkaidi. Wasichana walifundishwa kusoma Kurani, kuandika hawakufundishwa. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao ndio uliokuwa ubao wa wanafunzi. Ukaidi huo ulimponza. Baba yake alifariki baharini mwezi Oktoba 1856, akirudi kutoka Muscat, na Salme, akiwa na miaka 12, akahesabiwa mtu mzima na kupewa urithi wake. Mwaka 1859 kipindupindu kilimchukua mama yake. Mwaka huo huo ndugu yake Barghash alitaka kumpindua ndugu yao mwingine, Majid, aliyekuwa ameshika utawala wa Unguja. Kambi ya Barghash ilihitaji mtu wa kuandika barua za siri, na aliyejua kuandika alikuwa huyu binti wa miaka 15. Akawa katibu wao. Waingereza wakamsaidia Majid, maasi yakazimwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki hana upande: aliowasaidia wameshindwa, aliowapinga wanatawala.

Akaenda kukaa mashambani, Kizimbani kwanza, kisha Bububu kando ya bahari. Hapa wazee wetu wa Bububu hupenda kusema alikuwa wa kwetu kweli kweli, na hatuwapingi. Lakini mtu wa hesabu hawezi kuandika upande mmoja wa kitabu akaacha wa pili. Mashamba yale yalilimwa na watumwa. Mikarafuu na minazi iliyomlisha bibi ilipandwa kwa mikono ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote, na baadhi yetu tunaosoma kijarida hiki ni wajukuu zao. Katika kitabu alichokuja kukiandika baadaye hakuulaani utumwa kama ambavyo sisi tungependa. Tumempenda, lakini hilo hatulifichi.

Nyumba ya Bububu aliiacha kwa ombi la Majid, aliyeitaka kwa ajili ya balozi wa Uingereza. Akarudi mjini, na nyumba aliyoipata ilipakana na ya kijana Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, wakala wa kampuni ya Hansing ya Hamburg. Mji Mkongwe mnaujua: vichochoro vyembamba, dari zinazokaribiana. Wakazoeana, kisha wakapendana, kisha Salme akapata mimba. Kwa binti wa Sayyid Said, asiyeolewa, na kwa mtu asiye Mwislamu, hilo lilikuwa hatari ya roho. Mwezi Agosti 1866 akapanda usiku manowari ya Kiingereza, Highflyer, ikampeleka Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume mwezi Desemba. Tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa kwa jina la Emily, siku hiyo hiyo akaolewa na Ruete, na safari ya Hamburg ikaanza. Mtoto akafariki njiani, hajatimiza mwaka.

Sasa tufike studio.

Hamburg ya wakati ule ilikuwa, kama miji yote mikubwa ya Ulaya, na wazimu wa picha ndogo za kadi. Mfaransa Disdéri alikuwa amepata hataza mwaka 1854 kwa njia ya kupiga sura nane juu ya kioo kimoja, na kwa hiyo bei ikaporomoka. Hapo kabla, mtu wa kuchorwa sura yake alikuwa mfalme au tajiri. Baba yake Salme mwenyewe tunamjua kwa mchoro wa rangi. Baada ya kadi zile, karani na mkewe waliweza kwenda studio Jumamosi wakatoka na sura zao, za kuwagawia jamaa na kubandika katika albamu. Kadi ilikuwa ya ukubwa wa sentimita 6 kwa 9 hivi. Ukiishika kiganjani inatosha kabisa.

Kazi yake haikuwa nyepesi. Fundi alichukua kioo, akakimwagia dawa ya kolodioni kikafunikwa sawasawa, akakitumbukiza katika maji ya chumvi ya fedha ndani ya chumba cha giza, akakikimbiza kwenye kamera kikiwa bado kibichi, maana kikikauka kimekufa. Studio ilijengwa juu ghorofani yenye paa la vioo ili jua liingie, kwa kuwa taa za umeme hazikuwapo. Anayepigwa alikaa tuli kwa sekunde kadhaa, na nyuma ya kichwa mara nyingi kuliwekwa chuma chenye mkono kumshika asitikisike. Ndiyo maana watu wa picha za zamani hawacheki. Si kwamba walikuwa na huzuni. Jaribuni nyinyi kucheka sekunde tano bila kutikisika. Kisha picha ilitolewa juu ya karatasi iliyopakwa ute wa yai. Rangi ile ya kahawia ya chai, tunayoidhania ni ya uzee, kwa sehemu kubwa ndiyo rangi yake tangu siku ya kwanza.

Na fundi alikuwa zaidi ya fundi. Yeye ndiye aliyeamua mwanga utoke bega gani, mkono uwekwe wapi, uso ugeuzwe kiasi gani, nguo ikunjwe vipi. Wachoraji waliwadharau wapiga picha wakisema chombo ndicho kinachofanya kazi, lakini anayezitazama kadi mia za miaka ile ataona upesi ipi imepigwa na mtu mwenye jicho na ipi imepigwa na mtu mwenye kamera tu. Picha ya Plate ni ya mtu mwenye jicho.

Lakini jicho la aliyekaa mbele ya kamera nalo lilifanya kazi. Fikirini alichokivaa. Hamburg alitembea kwa gauni za Kizungu zilizombana, akaziandika baadaye kwa uchungu. Zipo picha nyingine zinazomwonyesha katika gauni hizo. Kwa picha hii alivaa nguo za kwao. Mtu anaweza kusema alivalishwa, kwa kuwa wenyeji walitaka kuona binti wa mfalme wa Mashariki, na hatukatai kwamba wanunuzi wa picha kama zile walipenda ugeni. Sisi tunaisoma vingine. Mwanamke aliyekuwa amepoteza jina, dini, nchi na mtoto wa kwanza alichukua nguo zake sandukuni akasema, kwa kuzivaa tu, kwamba yeye ni nani. Na bado barakoa hakuivaa. Angeivaa, ingekuwa picha ya nguo. Sura ambayo Unguja nzima isingeruhusiwa kuiona aliifunua mbele ya kioo kibichi cha Mjerumani, na kwa njia hiyo Unguja nzima imeiona.

Miaka iliyofuata ilikuwa migumu. Walipata watoto watatu: Antonia mwaka 1868, Rudolph Said mwaka 1869 na Rosalie mwaka 1870. Mwezi Agosti 1870, Rosalie akiwa mchanga, mumewe aligongwa na tramu akafariki. Salme akabaki mjane wa miaka 25 katika nchi ya baridi, Kijerumani chake bado hakijakomaa, mali ya mumewe ikapungua mikononi mwa wasimamizi. Alihamahama: Dresden, Rudolstadt, Berlin. Alifundisha Kiarabu ili watoto wale.

Mwaka uleule wa 1870 Majid alifariki na Barghash, ndugu aliyewahi kumwandikia barua za maasi, akawa Sultani. Salme alitumaini. Mwaka 1875 Barghash alialikwa London, na dada yake akafunga safari kutoka Ujerumani kwenda huko kuonana naye, baada ya miaka tisa. Alifika. Lakini wakuu wa Kiingereza, wasiotaka mgeni wao akasirishwe, walimtumia Sir Bartle Frere kumshawishi aache, kwa ahadi kwamba watoto wake wataangaliwa. Alikubali kwa ajili ya watoto. Ahadi haikutimizwa.

Katika ziara hiyo hiyo Barghash alipigwa picha na studio ya Maull ya London, akiwa na washauri wake, kilemba na jambia, uso wa mtu anayejua thamani yake. Tumeziweka picha hizi mbili kando kando juu ya meza, ile ya Hamburg na ile ya London. Wamefanana. Kaka na dada walikuwa katika mji mmoja, siku zile zile, hawakuonana, na leo wanaonana katika kitabu chochote cha historia yetu, kurasa mbili au tatu mbalimbali.

(Barghash tusimseme kwa hili tu. Ndiye aliyevuta maji kutoka chemchemi za upande wetu wa Bububu mpaka mjini, na Beit al-Ajaib ya mwaka 1883 ni yake. Wanajumuiya wanaouliza kila mkutano kwa nini maji yatoke kwetu yaende mjini wajue swali lao lina umri.)

Mwaka 1885 Salme alirudi Unguja na watoto wake, ndani ya meli za Kijerumani. Ujerumani ilikuwa inamshinikiza Barghash juu ya bara, na binti wa Sayyid Said alikuwa karata nzuri ya kuweka mezani. Watu wa mji walimshangilia mitaani. Ndugu yake hakumpokea. Alikwenda Mtoni akakuta jumba alilozaliwa limekwisha kuanza kuanguka. Kwa hiyo ndugu, tunapolalamika kwamba Mtoni imeachwa iangamie, tukumbuke mwenyewe aliikuta hivyo miaka 19 tu baada ya kuondoka. Mwaka uliofuata, 1886, kitabu chake cha kumbukumbu za maisha kilitoka Berlin. Alirudi tena mwaka 1888, Barghash akiwa amefariki mwezi Machi, na safari hiyo nayo haikumpa urithi aliokuwa akiudai. Baada ya hapo hakurudi. Aliishi miaka mingi Beirut, hadi 1914. Miaka michache kabla ya kufa alipewa pensheni ya pauni 100 kwa mwaka. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924. Amezikwa makaburi ya Ohlsdorf, Hamburg, pamoja na kifuko kidogo cha mchanga wa pwani ya Unguja alichokitunza maisha yake yote.

Mwanawe Rudolph hakuacha mambo yapotee. Aliandika kitabu juu ya babu yake Sayyid Said, kikatoka mwaka 1929, na vitabu, nyaraka na picha za familia zikaishia Leiden, Uholanzi, ambako zimetunzwa hadi leo. Ndiyo maana tunajua ni nani, alipigwa wapi na nani.

Huku kwetu biashara ya picha ilikuwa imeshika moto. Kabla karne ile haijaisha, Wagoa kama A. C. Gomes na J. B. Coutinho walikuwa na studio Mji Mkongwe, wakipiga masultani, mabalozi, wafanyabiashara na familia zao, na wakiuza pia kadi za posta. Kazi yao ni nzuri, baadhi ni nzuri mno. Lakini geuzeni zile kadi za posta. Mwanamke amesuka nywele kwa mistari, amefunga kanga kifuani, anaitazama kamera bila woga, na chini yake imechapwa kwamba ni mwanamke wa Kiswahili, basi. Mchukuzi, muuza maji, mtoto: hawana majina. Walikuwa na majina, walikuwa na watu wa kuwaita. Hakuna aliyeandika. Kwa sisi wa vitabu vya hesabu hiyo ni sawa na hundi isiyo na jina la mlipwaji: fedha zimetoka, na hakuna ajuaye zimekwenda kwa nani.

Baadaye, mwaka 1930, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, na kufikia wakati wa wazazi wetu kupigwa picha siku ya Idi au kabla ya harusi kulikuwa jambo la kawaida hata kwa watu wa mashamba. Picha hizo ndizo zilizomo masandukuni mwetu. Nyingine zimekwenda Muscat, nyingine London, nyingine zimeliwa na mchwa Bububu hapo hapo.

Tukiri kosa letu. Tulikuwa na picha moja tu ya bibi yetu mzaa mama. Miaka kadhaa iliyopita tuliipeleka studio moja Dar es Salaam ikakuzwe, tukapewa karatasi ya kuchukulia, kazi zikatubana, na tulipokwenda studio ilikuwa imehama na picha imehama nayo. Karatasi ya kuchukulia tunayo hadi leo. Mhasibu hatupi stakabadhi.

Kwa hiyo katika bajeti ya mwaka huu, chini ya madarasa mawili na kisima, mtaona fungu dogo la mashine ya kunakili picha, kompyuta moja na kabati la chuma lisiloingia mchwa, vitakavyowekwa maktaba ya skuli. Kuna wanaosema fungu hilo ni la anasa wakati watoto wanakaa chini. Tumelijadili kwenye kamati kwa saa mbili na hatukukubaliana wote. Ndiyo maana limebaki dogo, na ndiyo maana linachangiwa peke yake, bila kugusa fedha za madarasa. Wazee wanaoweza kutaja majina ya waliomo katika picha za miaka ya hamsini wamebaki wachache, na kila kijarida tunachotoa kina orodha ya waliotutangulia.

Mtakapoleta picha, zinanakiliwa mbele yenu na mnaondoka nazo. Nyuma yake andikeni majina yote mnayoyajua, mahali na mwaka, kwa penseli laini, msitumie kalamu ya wino kwani wino hupenya. Na kama kuna nyumba yenye picha ya harusi iliyopigwa Bububu kabla ya Mapinduzi, wanawake saba wamepanga mstari mbele ya mlango wa nyumba ya makuti, tunaomba tuione. Tumeambiwa na shangazi kwamba wa tatu kutoka kushoto ni bibi yetu.